Mpishi Aliyepika Chini ya Everest

Katika ploti yetu ya Migosi kila nyumba ilikuwa na mtu wa kupika, lakini ukisema "Mpishi" ulimaanisha mtu mmoja tu. Mlango wake ulitazamana na wetu. Miezi mingine hakuwepo kabisa, na ukimuuliza mkewe alikokwenda, angekujibu "Yuko mlimani," kwa sauti ile ile ambayo wanawake wengine walisema waume zao wako kazini Nairobi. Halafu siku moja ungemwona amerudi, ngozi ya pua imebanduka, midomo imepasuka, amelala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu angekuwa nje amechuchumaa, anamsafishia jirani jiko la mafuta ya taa na kumgombeza kwa masizi aliyoyaacha yarundikane.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alivaa sweta. Kisumu, mchana, jua linachoma mabati mpaka yanalia, yeye na sweta lake la kijani. Sisi watoto tuliona ni maringo. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba mwili wake ulikuwa umesahau namna ya kupata joto, au pengine hakuuamini tena.

Kazi yake ilikuwa kupikia watu wanaopanda milima. Alianza kama mpagazi Mlima Kenya, akabeba mizigo ya wageni miaka kadhaa, kisha akaingia jikoni na hakutoka tena. Wenzake wengi walikuwa watu waliozaliwa wakiutazama mlima huo kila asubuhi, na walimcheka. Mjaluo wa ziwani anatafuta nini kwenye barafu? Si arudi akavue samaki? Jambo wasilolijua ni kwamba samaki hakuwaweza. Aliogopa maji. Nimemwona kwa macho yangu kule Dunga, siku aliyotupeleka watoto wa ploti kuona mashua, amesimama mbali na ufuo kama mtu anayemkwepa mbwa. Mvuvi mmoja alimwita apande, azungushwe kidogo tu.

"Hiyo kitu haina sakafu," Mpishi alisema, akakataa.

Mtu huyo huyo alikuwa amelala majuma mengi juu ya mto wa barafu unaotembea.

Hadithi ya namna alivyofika huko ni fupi. Daktari mmoja mwanamke, mgeni, alipanda Mlima Kenya mara nne na kila mara akaomba apikiwe na yeye. Mara ya nne alimuuliza kama angependa kwenda Nepal, awe mpishi wa pili katika kambi ya kikundi chao. Mpishi aliuliza swali moja: jiko ni la aina gani? Alipojibiwa, alikubali.

Kambi hiyo iko chini ya Everest, lakini hilo neno "chini" lilimchekesha. Lenana, kilele ambacho wageni wengi wa Mlima Kenya hufurahi kukifikia, hakiifikii kambi hiyo kwa kimo. Yaani mtu akiwa amesimama juu ya fahari yetu yote, huko angekuwa bado hajafika mahali pa kuanzia.

Alitueleza mengi kuhusu kupika huko, nasi hatukuchoka. Maji yanachemka upesi lakini hayana moto wa kutosha, kwa hiyo maharagwe unaweza kuyapika toka asubuhi hadi jioni na bado yakagonga meno. Bila sufuria ya presha hakuna mlo. Chai ukiimimina, ukigeuka kutafuta sukari imeshapoa. Hema la jikoni limejengwa juu ya barafu, na joto la majiko linaiyeyusha taratibu, kwa hiyo kila baada ya siku chache ilibidi wahamishe mawe, wasawazishe sakafu, wapange upya. Barafu nayo inalia. Inapasuka chini yako huku unakatakata vitunguu.

"Na kazi ngumu siyo kupika," alituambia. "Kazi ngumu ni mtu akule. Ukifika juu sana tumbo inakataa. Mtu amechoka, amekonda, unamwekea chakula anakitazama kama ni adui yake. Sasa wewe unafanya nini? Unambembeleza. Mwanaume mzima, ana ndevu, unambembeleza kama mtoto anaota meno."

Tulimuuliza kama kule juu ni baridi kama friji.

"Friji?" alisema. "Ukitoka kule ukaingia kwa friji, utavua sweta."

Safari ya kwanza alibeba omena, wale dagaa wa ziwani kwetu. Alikuwa na mama mmoja wa Dunga aliyemwamini, na alinunua kwake omena waliokauka vizuri, akawakaanga bila mafuta mpaka wakawa wanavunjika kama biskuti, akawafunga kwenye mifuko mitatu. Katika kiwanja cha ndege cha Kathmandu afisa alifungua begi lake, akarudi nyuma hatua mbili. Alimwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Mpishi alisimama pale, Kiingereza cha kueleza omena ni nini hana, basi akachukua mmoja akamtia mdomoni, akatafuna, akatabasamu. Mkubwa yule naye alichukua mmoja. Alimtafuna kwa muda mrefu. Kisha akaashiria begi lifungwe, ila mfuko mmoja ulibaki mezani kwake.

Mifuko miwili iliyobaki ilifika kambini. Mpishi mkuu, Mnepali, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini juma la pili, wakati wapandaji hawataki tena kuona wali na dengu, Mpishi aliwachanganya omena na pilipili, kitunguu na ndimu, akawapelekea Washerpa wanaotengeneza njia kwenye mapande ya barafu, watu ambao kila siku huvuka nyufa zisizo na mwisho kwa kutambaa juu ya ngazi za bati. Mfuko mmoja ulikwisha siku hiyo. Alipoyasimulia haya alinyoosha kidole kuelekea ziwani.

"Samaki ya hapa," alisema. "Hapa tu. Imekula na watu wa Everest."

Hakusema imeliwa. Alisema imekula na watu, na mpaka leo naona alivyosema yeye ndivyo sahihi zaidi.

Watu walipenda kumuuliza kama alifika kileleni. Hakuwahi kufika kilele chochote. Hata Lenana, ambacho alipita chini yake mara zisizohesabika na ambacho angeweza kukifikia kabla ya chai ya saa nne. Wengine wangeona aibu, wangetafuta maneno ya kuzungukazunguka. Yeye alijibu kwa kuuliza: "Juu kuna jiko?"

Lakini vilele alivijua. Vile kumi na vinne vinavyopita mita elfu nane alivikariri kama watu wengine wanavyokariri mababu, kwa mpangilio wa urefu, bila kusita: Everest, K2, Kangchenjunga, Lhotse, Makalu, mpaka mwisho. Siku moja kanisani mchungaji wetu, akihubiri juu ya ukuu wa Mungu, alisema Mungu ndiye aliyeumba Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote duniani. Mpishi alisimama. Mkewe alimvuta sweta, hakukaa.

"Mchungaji, samahani. Ya Afrika, ndiyo. Ya dunia, hapana."

Akavitaja vyote kumi na vinne pale pale, katikati ya ibada, na alipomaliza akaongeza kwamba Mungu amefanya kazi kubwa kuliko ile mchungaji anayomsifia. Watu walicheka, mchungaji naye akacheka, na Jumapili iliyofuata akampa darasa la watoto.

Darasa hilo sitalisahau. Alikuja na mirija ya soda, akampa kila mtoto mmoja. Akatuambia tuuweke mdomoni, tuzibe pua, tupumue kwa mrija peke yake, kisha tupande ngazi za ghorofa iliyokuwa karibu na kanisa. Orofa ya kwanza tulipanda tukisukumana. Ya pili kimya kilituingia. Kwenye ya tatu nilitema mrija nikakaa kwenye ngazi, moyo unanipiga masikioni.

"Hapo umebeba nini?" aliniuliza.

"Sijabeba kitu."

"Wao wamebeba mtungi, kamba, maji. Na kule juu kabisa hewa unayovuta inakupa kama theluthi ya ile ya hapa ziwani. Unapiga hatua moja, unasimama, unapumua mara nne, mara tano. Hatua moja tena. Hivyo tu, siku nzima. Na kichwa nacho kinalewa. Mtu anaketi kupumzika kidogo, anaona raha, anasinzia. Ni hiyo raha inaua."

Sitaki mtu afikirie kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sifa, ukimletea chapati nzuri angesema tu "Imeiva." Alikuwa mkali kwa wanawe kuliko alivyokuwa kwa yeyote kati ya wale wanaume wenye ndevu. Na kuna mwaka mkewe alifanyiwa upasuaji wa ghafla yeye akiwa Nepal. Mama yangu ndiye aliyelala naye hospitalini. Ujumbe ulimfikia Mpishi baada ya siku tisa, na alipofika nyumbani mkewe alikuwa tayari anatembea taratibu uani akijishika ubavu. Sote tulikuwa tunaanika nguo. Alimsalimu, akataka kumshika mkono. Mkewe aliurudisha nyuma.

"Vidole vya wageni vikianza kuwa baridi unajua," alimwambia. "Vyangu hujui."

Hakupaza sauti. Mpishi aliingia ndani na begi lake begani. Msimu uliofuata walimwita Nepal, hakwenda. Alirudi kwenye Mlima Kenya, maana kutoka huko angeweza kufika nyumbani kwa siku mbili, na sijawahi kumsikia akimlaumu mkewe kwa hilo.

Lakini kabla ya hapo, katika msimu wake wa pili huko Nepal, lilitokea jambo ambalo yeye hakulisimulia kamwe. Nililijua kwa sababu ya barua. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili, Kiingereza changu kilisifiwa ploti nzima, na aliniita nimsomee. Iliandikwa na mhandisi mmoja aliyekuwa katika kikundi hicho. Nilisoma kwa sauti, nikitafsiri kadiri nilivyoendelea, naye alisafisha sufuria bila kuniangalia.

Mhandisi aliandika kwamba asubuhi walipokuwa wakijiandaa kuanza safari ya kileleni, yeye alijiona mzima. Kichwa kilimuuma, lakini nani hakuumwa kichwa huko? Alikaa mezani. Mpishi wa pili alimwekea uji, akamwona anateka uji kwa kijiko na kukipeleka kando ya mdomo. Mara mbili. Halafu akamwona akitia chumvi kwenye chai na kuinywa bila kukunja uso. Mpishi alikwenda kwa kiongozi wa msafara akamwambia huyu mtu asipande. Kiongozi alikuwa na haraka, maana hali nzuri ya hewa haikai, na alimjibu kwamba yeye ni mpishi, arudi jikoni.

Mpishi alirudi jikoni akazima majiko yote. Maji ya chupa za watu kumi na wawili yalikuwa bado hayajachemka, na bila maji hakuna anayepanda. Akasimama mlangoni pa hema, akasema kwa Kiingereza chake cha maneno machache: daktari kwanza, moto baadaye.

Yule daktari mwanamke aliitwa. Alimtaka mhandisi atembee kwa mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu alianguka. Ubongo wake ulikuwa umeanza kuvimba. Aliwekewa oksijeni, akateremshwa saa ile ile, akibebwa kwa zamu, mpaka mahali ambapo helikopta ingeweza kutua. Alikuwa amelipia kilele hicho kwa kujinyima miaka, aliandika, na kwa siku kadhaa alimchukia mpishi yule. Sasa alikuwa akiandika akiwa na binti wa mwezi mmoja mapajani.

Nilipomaliza, Mpishi aliinua sufuria akaitazama kwenye mwanga.

"Imesema nini ya mwisho?" aliuliza.

"Anasema asante."

"Sawa. Weka pale juu ya redio."

Sasa nifike kwenye siku iliyonifanya niandike haya.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, na mwaka jana, tukiwa kikundi cha watu saba kutoka kazini, tulikwenda Mlima Kenya. Tulikuwa tumejizoesha miezi mingi, tukipanda vilima vya Riat kila Jumamosi. Mpishi alikuwa ameshastaafu na kuhamia kwake Kisian, magoti yamemwisha, na kabla ya safari nilikwenda kumuaga nikajigamba sana. Nilimwambia nitamletea picha nikiwa Lenana. Alinisikiliza, akaniambia ninywe maji.

Siku ya mwisho tulianza kupanda kabla ya mapambazuko. Rafiki yangu Akinyi, ambaye tunafanya kazi meza moja, alikuwa akikohoa toka jana yake, na alisema ni vumbi. Jua lilipochomoza kilele kilikuwa kinaonekana wazi, hata bendera niliiona. Kiongozi wetu alisema imebaki nusu saa. Hapo Akinyi alikohoa akatema kwenye jiwe, na mate yake yalikuwa na povu la rangi ya waridi. Niliinama nikasikiliza mgongo wake. Ndani kulikuwa na sauti ya maji.

"Nitamshusha mimi," msaidizi wa kiongozi aliniambia. "Wewe malizia, ni hapo tu."

Nilitazama juu. Wenzangu watano walikuwa wanaendelea, hawajui. Sitasema sikutamani. Nilitamani mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikauweka mkono wa Akinyi begani kwangu, msaidizi akamshika upande wa pili, tukageuka. Tuliteremka saa nyingi bila kusimama, na kila tuliposhuka pumzi yake ilirudi kidogo, na mchana alikuwa anaweza kutukana mawe. Hospitalini walisema tungechelewa zaidi tungempoteza.

Hata hivyo niliporudi Kisumu niliona aibu. Wenzangu waliweka picha zao kileleni, watu wakawapongeza, na wakaniuliza mimi yangu iko wapi. Miezi miwili sikukanyaga Kisian. Mwishowe Mpishi mwenyewe alinipigia simu.

"Jumapili uje. Na huyo rafiki yako."

Tulipofika tulikuta watu. Wanawe na wake zao, mchungaji, wazee wawili majirani. Nilidhani ni sherehe yao, nikataka tukae nyuma. Mpishi alinionyesha kiti kilichokuwa karibu naye.

"Nieleze," alisema. "Toka mwanzo."

Nilieleza. Alinihoji kama askari: kikohozi kilianza lini, mate yalikuwa rangi gani, nani alimshika upande gani. Kisha akauliza, "Ulimwacha dakika ngapi?"

"Sikumwacha."

"Hata kwenda kuwaambia wengine?"

"Hata kwa hilo. Nilipiga kelele tu."

Alisugua magoti. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na kitambaa mkononi, alimtazama kwa namna iliyonifanya niache kunywa soda.

"Mimi niliacha mtu," Mpishi alisema. "Nikiwa mpagazi, kijana. Tulikuwa wawili, tumechelewa, mvua ya barafu inanyesha. Mwenzangu akasema amechoka, akae kidogo kwa jiwe. Mimi nilikuwa nimebeba chakula ya wageni. Nikasema wacha nipeleke chakula, nirudi nimchukue. Nilirudi. Haikuwa hata saa moja." Alitazama mikono yake. "Alikuwa ameketi vilevile. Anatabasamu."

Mwanawe mkubwa, mtu mwenye mvi tayari, alikuwa amefungua mdomo kidogo. Alikuwa hajawahi kusikia.

"Ndiyo maana nilikaa jikoni miaka yote hiyo," Mpishi akaendelea. "Nilitaka kuwaangalia wakila. Mtu akila mbele yako, unamwona." Akamgeukia Akinyi. "Simama, nyathina, mtoto wangu, watu wakuone."

Akinyi alisimama, mzima, mnene, na gauni lake la kanisani. Mpishi alimtazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, hata wakati alipovitaja vile vilele.

Chakula kililetwa. Kulikuwa na kuku, na katika nyumba ya Kijaluo kama ile firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Haigawiwi, na mwanamke haigusi. Mkewe aliweka sahani mbele yake kama kawaida, firigisi juu. Mpishi aliichukua kwa vidole, akanyoosha mkono kupita sahani ya mchungaji na za wazee, akaiweka juu ya ugali wangu.

Mzee mmoja alikohoa. "Omera, ndugu yangu, hiyo ni ya nani?"

"Ni ya huyo," Mpishi alisema. "Kula, nyathina. Ikipoa inakuwa ngumu."

Nilimtazama mkewe. Alikuwa akitikisa kichwa, anacheka, anajifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. Basi nikaichukua mbele yao wote, nikaila polepole, na nilipomaliza nikalamba vidole.